Msalaba wa Katanga haukuletwa na wamisionari

Hapa Lubumbashi, mtu akiiona misalaba mitatu kwenye bendera ya Katanga ya 1960, jimbo hili lilipojitenga na Kongo, hukimbilia kusema: hiyo ni kazi ya wamisionari. Sivyo. Arnot, mmisionari wa kwanza kukaa Bunkeya kwa mfalme Msiri, alifika 1886. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wafu walikuwa wakizikwa na misalaba hiyo ya shaba karne kadhaa kabla yake!

Wafua shaba waliyeyusha mawe ya kijani kwa makaa na mivukuto, wakamimina shaba kwenye kalibu yenye umbo la X. Misalaba hiyo ilikuwa pesa, na Yesu hakuhusika. Hata Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya madini iliyoanzishwa 1906, ilichimba palipokwisha kuchimbwa na wenyeji.