Kuimba "Sicut cervus" mkiwa watu 12 na bila kinanda

Kikundi cha mtaa kinachosoma solfa kinaiweza polifonia ya karne ya 16, yaani muziki ambamo kila sauti ina wimbo wake. Noti zenyewe si ngumu. Nachukua "Sicut cervus" ya Palestrina, mtunzi wa Italia aliyefariki Roma mwaka 1594, kwa kuwa maneno yake ni ya zaburi ya ayala anayetamani mito ya maji, na wengi wanayajua hata kabla ya kuyaona kwa Kilatini. Kinachoiangusha kwa kawaida ni mazoea ya nyimbo za kitabuni: soprano ana wimbo, watatu waliobaki wanamsindikiza, na pigo la kwanza la kila kipimo linagongwa kama msumari. Humu teno ndiye anayeanza, alto anamfuata kwa maneno yaleyale, halafu soprano, besi wa mwisho. Msindikizaji hayupo.

Kwa watu 12 nagawa watatu kila sauti. Wawili kwa sauti moja ni hatari kuliko mmoja: wakipishana kidogo tu, masikio yanasikia sauti ikitetemeka katikati yao, na kila mmoja anamlaumu mwenzake. Wa tatu anaifunika tofauti hiyo. Kama una watu wanane, bora sauti mbili ziwe na watatu na mbili ziwe na mmoja mmoja aliye imara. Alto isiwe mahali pa kutupa masoprano waliochoka. Katika kwaya za makanisa ya Roma wakati ule hawakuimba wanawake, kwa hiyo alto ya Palestrina hukaa chini kwa wanawake wengi. Mpe teno mwenye sauti ya juu aisaidie.

Nakala za bure zipo kwenye maktaba ya mtandaoni ya CPDL, lakini soma kabla ya kuchapa. Wahariri wengine wamehamisha ufunguo. Wengine wameweka alama za kupandisha au kushusha noti juu ya mstari, si pembeni mwa noti. Hizo ni maoni ya mhariri, na nakala mbili zinaweza zisikubaliane. Amua mwenyewe, uandike kwa kalamu kwenye nakala zote, maana alto mmoja akiimba fa na mwenzake fe (fa iliyopandishwa nusu toni), hakuna mazoezi yatakayoponya hilo.

Waimbaji wa wakati ule walisoma sauti yao peke yake, bila mistari ya vipimo. Ukiandika solfa, fanya vivyo hivyo: kila sauti karatasi yake, mistari ya vipimo iondoke, na badala yake weka mkato pale neno au fungu la maneno linapoisha. Mkono wa kiongozi uende chini na juu tu, kila mwendo mmoja kati ya 60 na 72 kwa dakika. Wataanza kwa kupotea. Waache wapotee, mradi wajue neno gani waliloshika.

Sasa maneno. Hapa sisi tuna bahati, kwa kuwa vokali zetu tano ni safi na hazipindi mdomoni. "Cervus" ni "chervus", "aquarum" ni "akwarum", basi. Tatizo letu ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa "fontes" na "aquarum" inakubali. Lakini ni de-SI-de-rat, si de-si-DE-rat. Ni A-ni-ma, si a-NI-ma. Msipoyasema maneno kwa mdomo mtupu dakika kumi kabla ya kuimba, kosa hili litaganda, na "desiderat" inarudi tena na tena. La pili ni vokali ya nyongeza mwishoni: "cervusi", "desiderati", "aquarumu". Kwa s, mteue mtu mmoja kila sauti aitamke, wengine waiache. Kwa m, fungeni midomo mapema kidogo na mvume.

Vituo, yaani pale fungu la wimbo linapotua, ndivyo mahali pa kukaa muda mrefu. Chukua kituo cha kawaida kabisa: sauti ya juu imeshika do, ya chini inashuka mi kwenda re. Do haijasogea, lakini sasa inagongana na re. Ndipo ya juu inashuka ti, na zote mbili zinaishia do. Makosa ni mawili. Aliyeshika do huinyamazisha polepole akidhani kwake hakuna kinachotokea, kumbe ndiye anayegongwa. Aikuze kidogo mpaka mgongano ufike, kisha ailegeze kwenye ti. Au sikio lake linaona kero, anakimbilia ti mapema, na mgongano haupo tena. Nawafanyisha sauti hizo mbili peke yake, kwa "nu", mara sita au saba, kabla ya kurudisha nyingine.

Halafu kushuka kwa kwaya nzima chini ya noti iliyoanzia. Chukua do kwenye programu ya simu, imbeni mpaka mwisho, pimeni tena. Kushuka nusu toni ndani ya dakika tatu ni jambo la kila kwaya. Sababu kubwa ni noti zinazorudiwa (kila moja huwa chini kidogo ya iliyotangulia) na pumzi iliyoisha. Pumueni kwa zamu, kamwe si wote kwenye mkato mmoja. Hatua za kupanda ziwe pana, za kushuka ziwe nyembamba. Mi ya kituo cha mwisho, do-mi-so, ikae chini ya ile ya kinanda kwa takriban senti 14, pale ambapo senti 100 ni nusu toni. Ndiyo maana mazoezi ya mwisho nakifunga kinanda.

Lakini hata kwaya isiyokosea hushuka. Besi akienda do, la, re, so, do, na kila mmoja akalinganisha noti zake kikamilifu na zilizotangulia, do ya mwisho itakuwa chini kwa karibu senti 22. Mzunguko huo ukirudi mara tano, nusu toni imekwenda. Mkosaji ni re, kwa sababu re inayokaa vizuri na la iko chini kuliko ile inayokaa vizuri na so. Mwambie besi aimbe re ya so tangu mwanzo, wengine wajipange juu yake. Na kama bado mnazama, anzeni nusu toni juu zaidi. Ufunguo wa F kwa kwaya nyingi una tabia ya kulegea, na F kali, nusu toni juu yake, huwaamsha.