Kabla ya Kushika Msumeno, Nendeni kwa Mwenye Shida

Shule nyingi za Nyanda za Juu Kusini zina kabati la kazi za mikono za wanafunzi. Ndani utakuta gari la waya, nyumba ya maboksi, ramani ya Tanzania iliyochongwa kwenye ubao. Siku ya mahafali wageni hupitishwa hapo, wanapiga picha, kisha kabati linafungwa hadi mwakani. Mimi ni mkufunzi wa walimu wa ufundi na nazipenda kazi hizo, maana zinaonyesha mikono hodari. Lakini kubuni ni jambo jingine. Mtoto anaanza kubuni anapokutana na mtu mwenye shida, akamsikiliza, akapima, akatengeneza, kisha akarudi kwa mtu huyohuyo kuona kama shida imepungua. Kitu kisicho na mwenyewe hakina wa kukisahihisha.

Tuchukue mfano wa shule ya kata kwenye safu za Uporoto, ambako viazi mviringo ndiyo ada na ndiyo mboga. Mwalimu anawatuma vijana wa kidato cha pili, wanne wanne, wakakae nyumbani kwa mkulima saa moja nzima. Wameagizwa kuuliza tu, wasishauri lolote. Mama mwenye nyumba anawaonyesha mbegu zake: zimerundikwa chini ya uvungu wa kitanda, gizani. Kiazi cha mbegu hakichipui siku kinapochimbwa. Hulala kwanza, mara nyingi miezi miwili hadi mitatu kutegemea aina yake. Kikiwa gizani hutoa machipukizi marefu, meupe na dhaifu, ambayo hukatikia ndani ya gunia kabla ya kufika shambani. Mama analijua hilo kuliko mwalimu, kwa kuwa kila msimu linampotezea mbegu.

Mbegu inataka mwanga hafifu na hewa inayopita. Ikipata hivyo, chipukizi huwa fupi, nene na lenye rangi ya kijani au zambarau, nalo husafiri bila kuvunjika. Kiazi cha kula kinataka kinyume chake. Kikikaa mwangani hugeuka kijani na kujaza solanini, sumu yenye uchungu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Basi viazi vilivyotoka shamba moja vinahitaji makao mawili tofauti. Kijana ambaye hakuuliza atatengeneza sanduku moja zuri la viazi vyote, atapewa alama nzuri, na mama atapata hasara.

Kwa hiyo wanafunzi wanaamua kujenga kichanja cha mbegu, na hapo maswali yanaongezeka. Mkono wa mama unafika wapi akiwa na mtoto mgongoni? Mvua hupiga upande gani wa nyumba? Kuku na panya watazuiwa vipi? Je, wavu una matundu madogo ya kutosha kumzuia nondo wa viazi, ambaye viwavi wake hutoboa viazi hadi vikiwa ghalani? Majibu yote yanaandikwa kwenye daftari la mradi pamoja na vipimo, kisha michoro inafuata. Baada ya hapo wanatengeneza mfano wa makatoni kwa kipimo cha 1:10, yaani kichanja cha mita 2 kinakuwa cha sentimita 20, na kuupeleka kwa mama aushike na kuugeuza. Pengine atasema safu ya chini iko karibu mno na ardhi, au kwamba hataweza kufagia chini yake. Wanarudi kuchora upya. Hatua hii walimu wengi huiruka kwa kukosa muda. Mwalimu mwenzangu, nakuomba usiiruke, hata kama mradi mmoja utakula muhula mzima. Katoni likikosewa hasara yake ni gundi, na kijana anayeambiwa na mtu mzima, kwa upole, kwamba kazi yake bado haijafaa anajifunza kitu ambacho mtihani wa kuchagua jibu hauwezi kumfundisha.

Vifaa vipo karibu. Kuanzia Mafinga, penye msitu wa Sao Hill, hadi Mbeya, viwanda vya mbao huacha mabanzi, vile vipande vya pembeni vya gogo. Yatolewe magome kwanza, maana wadudu hujificha humo. Miguu ya kichanja isimame juu ya mawe au tofali, kwa sababu msonobari usiotiwa dawa ni chakula cha mchwa. Ile oili chafu ya gereji ambayo wengi hupaka mbao isiguse kabisa sehemu inayobeba viazi.

Hapa ndipo fundi seremala wa kijiji anapoingia darasani kama mwalimu. Nimeona mafundi waliokomea darasa la saba wakieleza hesabu vizuri kuliko sisi. Fundi anapanga kona kwa kupima sentimita 60 upande huu na 80 upande ule. Umbali kati ya alama hizo mbili ukiwa 100, kona ni ya nyuzi 90. Yeye huiita tatu, nne, tano, na kidato cha pili wanaifahamu kama kanuni ya Pythagoras. Kisha anaunganisha mbao nne kwa misumari na kumwambia mwanafunzi asukume: fremu inalegea na kulala upande. Anaongeza ubao mmoja wa mshazari, nayo inakaza. Pembetatu haibadili umbo bila ubao kuvunjika au kiungo kuachia, na mtoto aliyelijua hilo kwa mabega yake hatalisahau. Fundi huyo anastahili kuandikiwa barua rasmi ya mwaliko, na kulipwa siku yake pale shule inapoweza.

Najua baadhi ya wazazi husikia neno mradi wakakunja uso, na wana sababu. Wazee wetu waliosoma shule za kati miaka ya 1950, darasa la tano hadi la nane, wanakumbuka jembe la shule. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea alitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi na kuamua matumizi ya mapato. Katika shule nyingi kupanga kukasahaulika na jembe likabaki, mara nyingine likawa adhabu. Ndiyo maana nasisitiza daftari, mchoro na uamuzi viwe mikononi mwa wanafunzi. Mtoto akibeba mabanzi bila kujua yanakwenda kujenga nini, hiyo ni kazi ya kibarua, na mzazi ana haki ya kuuliza.

Kuna pia suala la fedha. Tangu elimu bila ada ilipofika kidato cha nne mwaka 2016, kila shule inapomwita mzazi, yeye husikia mchango. Kwa mradi kama huu tunahitaji zaidi saa zake: aseme shida yake, aazime randa, akague kazi, akatae isiyofaa. Bodi ya shule na serikali ya kijiji wapewe taarifa mapema, na orodha ya gharama ibandikwe ukutani hata kama ni misumari tu.

Mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeleta mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi na stadi za kazi, kuanzia kidato cha kwanza, nami naufurahia. Lakini shule ya mkondo wa jumla isijione haihusiki. Kichanja hakihitaji karakana. Wasichana nao washike msumeno na patasi. Wasiachiwe kufagia maranda. Viatu vya kufunika vidole ni lazima kwa wote.

Asiye na viazi ana mambo mengine. Paa la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 1,600, maana milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Wanafunzi wapime tenki baada ya mvua. Likiwa na lita 1,100, watafute zilikokwenda nyingine, kwenye maungio ya gata au kona iliyoinama. Hata kibuyu chirizi cha watoto wa darasa la kwanza, kile chombo cha kunawia kinachoinama ukikanyaga kijiti, ni kazi ya kubuni, kwa kuwa urefu wa kamba na wa kikanyagio hutoka kwenye miguu ya watoto wenyewe.

Msimu ukigeuka, siku ya kupanda, wale wanne warudi kwa mama na daftari lilelile. Washushe mbegu safu kwa safu, wahesabu zilizooza, zilizotobolewa na zilizovunjika machipukizi, na kando yake wahesabu debe moja ambalo mama aliliacha kwa makusudi chini ya uvungu. Namba hizo waziandike pembeni ya mchoro wao wa kwanza, mama akiwa amekaa hapo akiwasomea hesabu.