Mtawa si lazima awe ametawa

Mshereheshaji alishika kipaza sauti akatangaza kwamba siku hiyo tunamshangilia "mtawa aliyekula kiapo cha kujifungia mbali na dunia, miaka 25 sasa". Sista mwenyewe alikuwa safu ya mbele, viatu vyake vyeusi vimelika visigino, mkononi ana simu inayowaka kila baada ya dakika mbili. Wodi ya wazazi ilikuwa inamtafuta. Nusu ya vijana waliokuwa wanacheza ngoma mbele yake, mikono ya kwanza kuwapokea duniani ilikuwa yake. Huyo ndiye aliyejifungia!

Makosa mawili katika sentensi moja, "kiapo" na "kujifungia", na yote mawili nimeyasikia mpaka nimechoka.

Tuanze na maana, haraka. Sista wa Kikatoliki ni mwanamke aliyewekwa wakfu kwa Mungu kwa nadhiri za useja, ufukara na utii, anayeishi katika jumuiya na masista wenzake wa shirika. Hafiki hapo kwa siku moja: unovisi wake, yaani kipindi cha malezi kabla ya nadhiri, haupungui miezi 12, halafu nadhiri za muda, kwa kawaida miaka mitatu hadi sita, ndipo nadhiri za daima. Si padre wa kike, maana hana daraja takatifu. Mshahara anaweza kuwa nao kama mfanyakazi mwingine yeyote, ila unaingia mfuko wa shirika.

Sasa neno lenyewe. Mtawa anatokana na kutawa, yaani kukaa ndani bila kutoka. (Si kutawadha, huko ni kujitia udhu.) Zamani mke aliyetawishwa alikuwa yule asiyeonekana barabarani, na mtawa alikuwa mcha Mungu aliyejitenga na watu ili asali. Kanisa lilipohitaji jina la watu wake waliowekwa wakfu, likalichukua neno hilo likiwa tayari lina harufu ya chumba kilichofungwa. Likawabandika wote: mmonaki (anayeishi ndani ya monasteri, nyumba ya waliojitenga na dunia), bruda, sista wa dispensari na yule wa monasteri. Kilatini hakikufanya hivyo. Kina *monialis*, mwanamke wa monasteri, na kina *soror*, dada. Sista wetu ni huyo wa pili, na jina lake linamaanisha udada tu, halina ukuta ndani yake. Uuguzi ulivyokuwa umeshikwa na hao madada, hata muuguzi mwenye mume na watoto watano bado anaitwa sista.

Tofauti hiyo haikuja kwa urahisi. Mwaka 1298 Papa Bonifasi VIII aliagiza wamonaki wa kike wote wakae ndani ya uzio, na kwa karne kadhaa mwanamke aliyetaka kuweka nadhiri kamili huku akihudumia watu mitaani hakuwa na mlango wa kupitia. Kisa kinachoniuma ni cha askofu Fransisko wa Sales na mjane Yohana Fransiska wa Chantal. Walianzisha jumuiya mjini Annecy, katika Ufaransa ya leo, mwaka 1610, masista watoke kwenda kuwaona wagonjwa na maskini majumbani, wakajiita kwa jina la Maria alipokwenda kumtembelea Elizabeti. Haikupita miaka kumi wakaingizwa ndani ya uzio. Jina la safari likabaki kwa watu wasiotoka.

Padre Vinsenti wa Paulo aliona hayo, akazunguka kwa akili. Mabinti wa Upendo, aliowaanzisha na Luisa wa Marillac jijini Paris mwaka 1633, hakutaka kabisa waitwe wamonaki. Aliwafundisha kwamba monasteri yao ni nyumba za wagonjwa, kikanisa chao ni parokia, na uzio wao ni mitaa ya mji. Mpaka leo nadhiri zao ni za mwaka mmoja mmoja, wanazirudia kila mwaka. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1900, Papa Leo XIII alipoyapa mashirika ya masista wa nadhiri za kawaida nafasi yake rasmi katika Kanisa.

Kwa hiyo wanaotawa hasa wapo, na si wachache: Waklara, Wakarmeli wa ndani na wengineo. Sala ndiyo utume wao, na mgeni wao anawakuta sebuleni mwa monasteri. Sista anayeingia darasani na chaki au anayelala macho na mjamzito hayumo katika kundi hilo, ingawa naye asubuhi ameanza na Masifu, sala ya asubuhi ya Kanisa, kabla jua halijachomoza.

Kuhusu kiapo, ni jambo dogo lakini lina uzito. Anayekula kiapo anamwita Mungu awe shahidi wa maneno yake, kama afanyavyo shahidi mahakamani. Anayeweka nadhiri anamwahidi Mungu mwenyewe. Katika kiapo Mungu anasimama pembeni akisikiliza. Katika nadhiri ndiye anayeahidiwa. Ndiyo maana sista haapi, anaweka nadhiri, na nadhiri hailiwi.

Baada ya chakula nilimsogelea mshereheshaji, nikamwambia kwamba "mtawa" hakukosea, Kanisa lenyewe linalitumia kwa masista wote, aendelee nalo. Ila akisema "aliyeweka nadhiri" atakuwa amesema sawasawa, na "kujifungia" awaachie wa monasteri, ambao nao wangemwambia kwamba mlango wameufunga wenyewe, kwa ndani. Alitaka kwenda kumwomba radhi sista. Kiti chake kilikuwa kitupu; alikuwa amesharudi wodini.