Der, die, das: wewe mwenye ngeli unaogopa nini?

Kila nikianza darasa jipya la Kijerumani swali la kwanza ni lile lile, mwalimu, kwa nini meza ni ya kiume na taa ni ya kike? Maana kila nomino ya Kijerumani inatanguliwa na der (ya kiume), die (ya kike) au das (si ya kiume wala ya kike). Nawaambia hilo tuliweke pembeni, der Tisch (meza) ni der Tisch na die Lampe (taa) ni die Lampe, maana hata wewe hujawahi kukaa ukajiuliza kwa nini mti uko U-I na kitabu kiko KI-VI, ulikua nazo tu ukazoea.

Na hapa ndo naona watu wetu wanajidharau bure. Ukisema "ufunguo uko wapi? Uko hapa", hiyo u- umeichagua bila kufikiria kwa sababu ufunguo una ngeli yake. Mjerumani naye anafanya hivyo hivyo: Wo ist der Schlüssel? Er ist hier. Ni er, kiwakilishi cha maneno ya der, kwa sababu Schlüssel (ufunguo) ni der, haijalishi kama kina uhai au hakina. Wanafunzi wangu wengi wanaanza kwa kusema es ist hier, es ikiwa ya maneno ya das, kumbe hapo wanapitia "it" ya Kiingereza, wakati Kiswahili chao kingewafikisha moja kwa moja. Na ngeli zenyewe ziko 3 tu, ukienda kwenye wingi zote zinakuwa die.

Halafu kuna das Mädchen, yaani msichana, watu wanashtuka inakuwaje msichana asiwe die. Sasa sikiliza, mtoto ukimwita kitoto unasema kitoto kinalia, si ndiyo? Ki- ya udogo imemhamisha ngeli. Ndo kazi ya -chen hiyo, inadogosha neno na kulipeleka das, der Hund (mbwa) anakuwa das Hündchen, die Katze (paka) anakuwa das Kätzchen. Miisho mingine inayosaidia ni -ung, -heit, -keit na -schaft, maneno yake ni die, mfano die Zeitung (gazeti), die Freiheit (uhuru). Yaliyobaki ni kukariri, na ndo maana nasisitiza usiandike Tisch peke yake kwenye daftari, andika der Tisch na wingi wake die Tische, ukariri vyote kwa pamoja kama neno moja.

Sasa kitu ambacho hatuna kwetu, na hiki ndo kinataka muda. Kwetu ukisema mbwa amemuuma mtoto kisha ukageuza mtoto amemuuma mbwa, habari imebadilika kabisa, kwa sababu nafasi ya neno ndo inasema nani kafanya. Kijerumani: Der Hund beißt den Mann, mbwa anamuuma mwanaume. Geuza: Den Mann beißt der Hund. Aliyeumwa bado ni yule mwanaume! Kinachomlinda mbwa abaki mng'ataji ni der, na aliyeng'atwa anajulikana kwa den. Hiyo den, umbo la anayetendwa, inaitwa akuzativu na habari njema ni kwamba inabadilisha der peke yake, die na das zinabaki vile vile. Dativu, umbo jingine linalokuja mfano baada ya mit (pamoja na), ndo inachanganya zaidi maana inagusa zote, mit dem Mann, mit der Frau, mit dem Kind, na ile der ya Frau inawavuruga watu wiki nzima wanadhani mwanamke kageuka mwanaume. Hapana, ni die iliyoingia dativu baada ya mit. Kariri mit, aus, bei, nach, seit, von, zu, hizi zikitokea ujue ni dativu, usijiulize mara mbili.

Kitenzi kwa kifupi: kwenye sentensi ya kawaida kinakaa nafasi ya pili hata ukianza na muda, Heute lerne ich Deutsch (leo najifunza Kijerumani), siyo Heute ich lerne. Ukiweka weil (kwa sababu) kinakimbilia mwisho, weil ich keine Zeit habe, kwa sababu sina muda.

Miisho ya vivumishi, mfano alt (mzee) kwenye ein alter Mann, den alten Mann, naomba miezi ya mwanzo msiipe usingizi wenu, ukiikosea watu watakuelewa tu. Ila chunga der na den, ukizibadilisha hizo yule mwanaume ndo kamng'ata mbwa.