Mtoto anayesimulia vita vya dini ana upande wake

Jamani leo naomba niliseme hili, maana nimelikuta tena kwenye insha, kwa maneno yaleyale: mwandishi ametumia mtoto kwa sababu mtoto hana udini, anaona ukweli mtupu. Mimi nafundisha fasihi, riwaya hasa, na hiyo sentensi nakutana nayo kila msimu wa kusahihisha, hata walimu wenzangu wanaisema. Inapendeza kuitamka, lakini ukiipeleka kwenye kitabu chenyewe inaanguka palepale.

Kitabu kinachozungumziwa mara nyingi ni Ice-Candy-Man cha Bapsi Sidhwa, kilitoka 1988, na Marekani kikatolewa 1991 kwa jina la Cracking India (ni kitabu kimoja, msinunue mara mbili). Msimulizi ni Lenny, binti wa Kiparsi (jamii ndogo yenye dini yake ya Zoroasta, asili yao Uajemi) wa Lahore, mji ambao leo uko Pakistan, mguu wake umeathiriwa na polio, na analelewa na yaya wa Kihindu anayependwa na nusu ya wanaume wa mtaa, wakiwemo Waislamu wawili, yule muuza barafu na mkandaji.

Historia naipitia mbio kwa sababu mnaijua. Agosti 1947 Waingereza wanaondoka, koloni lao la India linagawanywa mara mbili kwa misingi ya dini, Pakistan ya Waislamu inazaliwa tarehe 14, India tarehe 15, na mpaka unatangazwa tarehe 17, yaani watu wameshasherehekea uhuru hawajui kijiji chao kiko nchi gani. Mpaka wenyewe ulichorwa na Cyril Radcliffe, mwanasheria aliyekuwa hajawahi kukanyaga Bara Hindi, alifika Julai 8 akapewa kama wiki tano tu. Punjab, jimbo lenye Lahore, ikakatwa katikati, watu kati ya milioni 12 na 15 wakahama, na waliokufa wanakadiriwa kuanzia laki mbili mpaka milioni mbili.

Sasa huyo mtoto. Kosa la kwanza ni kudhani anayeongea ni mtoto. Anayeona ni mtoto, anayeongea ni mtu mzima, na hivi ni vitu viwili tofauti, ndio maana napiga kelele darasani kila mwaka kwamba msimulizi wa nafsi ya kwanza anaweza kuwa na umri mbili kwa wakati mmoja. Mkitaka ushahidi, kuna mahali Lenny anamtetea Jinnah, kiongozi wa Waislamu aliyeiasisi Pakistan, analalamika kwamba leo, miaka arobaini baadaye, filamu na vitabu vya Waingereza na Wahindi vinamchora kama zimwi. Miaka arobaini baadaye! Mtoto wa miaka kama 8 anaijulia wapi hiyo arobaini? Huyo ni mwanamke wa miaka ya themanini, amekasirika na filamu alizoziona, na ameingia kwenye kiti cha mtoto bila kubisha hodi. Hata pale mama yake anapompeleka kumwona Gandhi, na mzee anaongea habari za kusafisha tumbo, sauti inatoka kwenye mshangao wa kitoto inarukia hukumu kali kuhusu Gandhi, na msimulizi mwenyewe anakiri kwamba hukumu hiyo aliifikia miaka kadhaa baadaye, alipotambua ukubwa wa mauaji ya halaiki ya mgawanyo ule.

Kwahiyo upande upo, tena unaonekana wazi. Waparsi walikuwa wachache mno, kwenye kitabu wazee wao wanakutana kujadili wafanye nini na wanaamua kutulia wasije wakasagwa katikati ya Wahindu, Waislamu na Masingasinga. Jinnah naye alikuwa amemuoa binti wa Kiparsi, Ruttie Petit, aliyefariki 1929, na Sidhwa analiweka hilo makusudi kwa kutumia picha anayoonyeshwa Lenny na mama yake. Mwandishi aliyekulia Lahore anajibu masimulizi ya upande wa pili wa mpaka. Ana haki ya kufanya hivyo, tena mimi naona anafanya vizuri, ila msiniambie ni ukweli mtupu usio na mwenyewe.

Halafu kuna tabaka, hili ndilo linalonichosha zaidi kwa sababu watu wanalipita kama hawalioni. Lenny anaona mengi kwa sababu amekaa mapajani kwa yaya bustanini, karibu na sanamu ya Malkia Victoria, na watumishi, muuza barafu, mkandaji, Singasinga wa zoo, wote wanaongea mbele yake kama hayupo. Hiyo ni nafasi ya mtoto wa tajiri. Pembeni yake yupo Papoo, binti wa mfagizi, mtoto vilevile, ambaye anapigwa na mama yake na anaozeshwa angali mdogo kwa mwanaume mzima. Kwanini nchi isimuliwe na Papoo? Naye si ana macho? Mkisema "macho ya mtoto" semeni ni ya mtoto wa nani, anakula wapi, analala wapi.

Na huo usafi wa moyo tunaousifia, hebu someni sura ya kutekwa kwa yaya polepole. Kundi la watu limefika getini linamtafuta yule Mhindu. Imam Din, mpishi, Muislamu, mtu mzima mwenye dini yake, anaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba ameondoka, na ni uongo. Kiapo kinafanya kazi, watu wanaanza kulegea. Ndipo muuza barafu anamsogelea Lenny, anambembeleza, anamwambia atamlinda yaya kwa roho yake, na mtoto anasema kweli: yuko juu ya paa au kwenye moja ya stoo. Yaya anaburutwa nje. Baada ya hapo Lenny anasimama mbele ya kioo cha bafuni, anaushika ulimi wake anajaribu kuung'oa, anausugua na mswaki mpaka unatoa damu. Aliyeokoa ni kiapo cha uongo cha mtu mzima, aliyeangamiza ni mtoto aliyesema kweli. Mwandishi ameliweka hilo kwenye kiini cha kitabu chake, na sisi bado tunaandika kwamba mtoto yupo pale ili kutuonyesha ukweli unaokomboa!

Kabla ya hapo yupo mwanasesere. Lenny ameona mtu akichanwa mtaani kwa magari mawili, akifika nyumbani anachukua mwanasesere wake, anamvuta miguu akisaidiwa na mdogo wake mpaka pamba yote inamwagika. Mtoto hatazami vurugu kutoka nje, inamwingia mikononi.

Kuna mambo ambayo mimi mwenyewe sijayamaliza. Kuna sehemu ndefu ya Ranna, mvulana wa Kiislamu ambaye kijiji chake kinavamiwa, na hapo Lenny anawekwa kando kabisa kwa sababu hakuwepo. Vitabu vya kiada vinaiita mbinu. Kuna siku naiona ni ujasiri, mwandishi anakubali kwamba jicho la mtoto wa mjini halifiki huko, na kuna siku naiona ni kiraka tu, fomu imemshinda. Pia sijui kama kubaki nje ya mlango, bila kuingia kwenye aliyofanyiwa yaya kule Hira Mandi, mtaa wa makahaba wa Lahore, ni heshima au ni kukwepa. Mtoto hawezi kuuliza, hivyo mwandishi halazimiki kujibu. Wanawake makumi ya maelfu walitekwa pande zote mbili mwaka ule, na wengi wao hakuna aliyewauliza.

Kingine ni filamu. Earth ya Deepa Mehta, 1998, Sidhwa mwenyewe anatokea mwishoni kama Lenny mkubwa, nzuri sana, lakini inaishia kwenye kutekwa. Riwaya inaendelea. Bibi ambaye Lenny anamwita Godmother anamtafuta yaya mpaka anampata, ameshapewa jina la Kiislamu na ameolewa na huyohuyo muuza barafu, na yaya anasema anataka kurudi kwa ndugu zake. Anaulizwa je, wakikukataa? Anajibu wamtake wasimtake, ataenda. Wanafunzi wanaoandika insha baada ya kuangalia filamu tu hiyo sehemu hawaijui kabisa, na ndiyo mahali pachache ambapo yaya anajiongelea mwenyewe na Lenny amenyamaza.