Kijana na wajibu kwa wazazi: imani tulizozoea na ukweli wake

Kuna hofu inayowakaa wazazi wengi wenye watoto wa miaka 13 hadi 18, nao hawapendi kuitamka: huyu akishajitegemea, atatukumbuka? Hofu hiyo humfanya mmoja akaze kamba, mwingine alegeze, na mwingine aanze kumhesabia mtoto gharama zote tangu siku aliyozaliwa. Kila mmoja anaongozwa na imani fulani kuhusu malezi, na kadhaa kati ya imani hizo haziungwi mkono na yale ambayo wanasaikolojia wameyachunguza kwa zaidi ya nusu karne. Nazichukua hapa zile zinazosikika mara kwa mara. Sitazipa nafasi sawa, kwa kuwa madhara yake hayalingani.

"Mtoto wa nyumba yenye ukali hukua akiujua wajibu wake"

Imani hii ina ushahidi wa macho, ndiyo maana haifi. Kijana wa nyumba kali hutumwa mara moja akaenda. Haguni, hanuni, hajibu. Mzazi huutazama utii huo na kuuita wajibu, ilhali utii humhitaji anayeamuru awepo. Wajibu tunaoutaka ni ule utakaobaki siku mzazi atakapokuwa mbali, au mgonjwa, au hana tena nguvu ya kumtisha mtu.

Katika miaka ya 1960, mwanasaikolojia Diana Baumrind wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitofautisha aina tatu za malezi: ya kimabavu, ambako amri haiulizwi; ya kudekeza, ambako mtoto hawekewi mipaka; na ya mwongozo, ambako masharti yapo na yanasimamiwa, lakini mzazi hueleza sababu na husikiliza. Mwaka 1983 Eleanor Maccoby na John Martin walilipanga jambo hilo upya kwa maswali mawili: mzazi anadai kiasi gani, na anaitikia mahitaji ya mtoto kiasi gani? Hapo ikaonekana wazi aina ya nne, ya kutelekeza, ambako hakuna madai wala ukaribu.

Kisha mwaka 1991 Susie Lamborn, Laurence Steinberg na wenzao wakachapisha utafiti wa vijana wapatao 4,100 wa Marekani, wa miaka 14 hadi 18. Waliolelewa kimabavu walikuwa watii kweli na walifuata taratibu za wakubwa, lakini walijiona duni kuliko wenzao. Waliofanya vizuri kwa jumla ni wale wa malezi ya mwongozo.

Kwa nini iwe hivyo? Joan Grusec na Jacqueline Goodnow walieleza mwaka 1994 kwamba fundisho la mzazi huwa la mtoto mwenyewe pale anapoelewa sawasawa alichoambiwa, kisha akakikubali. Chukua kijana aliyesahau kumpelekea bibi yake dawa. Baba anafoka: "Huna akili wewe, huna faida!" Kijana anaondoka na tusi kifuani, na alichojifunza ni namna ya kumkwepa baba akiwa na hasira. Bibi hayumo kabisa katika fundisho hilo. Sasa sikiliza maneno mengine: "Bibi amekusubiri tangu asubuhi, na hiyo dawa hairukwi. Ipeleke sasa hivi, umwombe radhi, ukirudi tuzungumze ilikuwaje." Dai ni lile lile, tena hili la pili ni zito zaidi, kwa sababu kijana atalazimika kusimama mbele ya mtu aliyeumia. Tofauti ni kwamba amebaki na sababu mkononi.

Hapa lazima niongeze jambo, maana tafiti za nchi moja hazitoshi kuwahukumu wazazi wote. Mwaka 1994 Ruth Chao alionyesha kwamba wazazi wenye asili ya China huweza kuonekana wa kimabavu wakipimwa kwa vipimo vya Marekani, kumbe ukali wao umefungamana na kujitolea na ukaribu mkubwa, na mtoto huusoma kuwa ni kujaliwa. Kwa hiyo sauti ya juu peke yake haitoi hukumu. Ukali unaomjali mtoto na ukali unaomdhalilisha huingia kwa milango tofauti, na mtoto huijua tofauti yake mapema sana.

"Basi tumwache huru, mapenzi yatamfundisha"

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Katika utafiti ule ule wa 1991, vijana waliodekezwa walijiamini sana, lakini walizidi kwa utovu wa nidhamu shuleni na matumizi ya vileo kuliko wale wa malezi ya mwongozo. Kuhusu wajibu wenyewe, Grusec, Goodnow na Lorenzo Cohen waliangalia kazi za nyumbani mwaka 1996 na wakakuta jambo ambalo kila mzazi angefaa kulijua: kazi iliyoambatana na moyo wa kuwajali wengine ni ile inayofanywa kwa ajili ya familia nzima, na kwa mazoea. Kutandika kitanda chako hakukuwa na uhusiano huo, wala kusaidia pale tu unapoombwa. Kijana asiyetegemewa na mtu kwa lolote hapati mahali pa kujifunzia kutegemewa.

"Ukimkumbusha ulivyojinyima kwa ajili yake, atakuwa na shukrani"

Hii ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu hufanywa na wazazi wanaopenda kweli na waliojinyima kweli. "Nimekuzaa kwa uchungu." "Nimelala njaa ili wewe usome." Mara nyingi maneno hayo ni ya kweli tupu. Yakisemwa mara moja, kwa utulivu, kama historia ya familia, kijana huyathamini. Yakisemwa kila anapokosea, kila anapotaka kutoka, kila anapochagua kitu ambacho mzazi hakukitaka, yanageuka masimango.

Brian Barber aliandika mwaka 1996 kuhusu tofauti kati ya kudhibiti mwenendo na kudhibiti nafsi. Kudhibiti mwenendo ni kuweka saa ya kurudi, kujua kijana yuko na nani, kusimamia masomo. Kudhibiti nafsi ni kumtia hatia, kumnunia siku nzima, kumnyima upendo mpaka abadili anavyofikiri. Upungufu wa udhibiti wa kwanza huenda pamoja na utundu na uvunjaji wa sheria. Udhibiti wa pili huenda pamoja na huzuni na msongo ndani ya kijana, na mzazi asiuone, kwa kuwa kijana mwenye hatia huwa mtulivu na msikivu.

Taiwan imetupa lugha nzuri ya kulieleza hili. Mwaka 2003 Kuang-Hui Yeh na Olwen Bedford walitenganisha sura mbili za wajibu wa mtoto kwa wazazi. Moja huzaliwa na mapenzi ya miaka mingi: mtoto anataka kuwatunza waliomtunza. Nyingine hutokana na cheo cha mzazi: mtoto huyaweka kando matakwa yake kwa sababu nafasi yake inamtaka anyenyekee. Mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote mbili, lakini ile ya kwanza ndiyo iliyoonekana katika tafiti zilizofuata kuandamana na uhusiano mwema zaidi na afya bora ya akili.

Matunda yake huonekana ukubwani. Yupo mwana anayetuma pesa kila mwisho wa mwezi bila kukosa, kiasi kile kile, ujumbe usio na salamu. Mama akipiga, simu inaita mpaka inakatika. Majirani humsifu kwa kutunza wazazi, na mama hana la kusema kwa kuwa kweli anatunzwa. Anacholipa mwana huyu ni deni, na amekumbushwa deni hilo tangu akiwa na miaka 12.

"Akianza kubishana, heshima imeisha"

Judith Smetana ameyachunguza mabishano ya vijana na wazazi kwa miaka mingi, na mgawanyo alioukuta ungewapumzisha wazazi wengi. Kwa kawaida vijana hukubali kwamba mzazi ana haki ya kuamua juu ya mema na mabaya, na juu ya usalama. Wanachogombania ni mambo wanayoyaona yao binafsi: nywele, mavazi, chumba, namna ya kutumia muda wao. Mzazi akilichukulia kila bishano la nywele kama uasi dhidi ya wazazi, anatumia mamlaka yake mahali yasipokubaliwa, na inafika siku anayahitaji kwa jambo zito akayakuta yamechakaa.

Tena kuna hili: Håkan Stattin na Margaret Kerr, katika utafiti wao wa Sweden uliochapishwa mwaka 2000, walionyesha kwamba wazazi hujua maisha ya vijana wao hasa kwa sababu vijana wenyewe wanasimulia. Upelelezi na maswali vilichangia kidogo kuliko masimulizi hayo. Kijana anayebishana bado anazungumza nawe. Wa kuhangaikia ni yule anayejibu "sawa" kwa kila kitu na hasimulii lolote.

"Ujana ukiingia, wajibu hupungua kwa kila mtoto"

Si kila mahali. Eva Pomerantz na wenzake waliwafuatilia vijana wadogo wa Marekani na China, na mwaka 2011 wakaeleza kwamba hisia ya wajibu kwa wazazi ilishuka kwa wale wa Marekani katika darasa la 7 na la 8, huku ya wenzao wa China ikibaki. Na hata panaposhuka, si mwisho wa safari: mwaka 2002 Andrew Fuligni na Sara Pedersen walikuta vijana wa Marekani wakiongeza hisia hiyo baada ya kumaliza sekondari.

"Wajibu ukiwa mwingi ndivyo bora"

Mwaka 1999 Fuligni, Vivian Tseng na May Lam waliwauliza zaidi ya vijana 800 wa Marekani wenye asili za Asia, Amerika ya Kusini na ya Kati, na Ulaya. Walioshikilia wajibu kwa kiasi cha kati ndio waliokuwa na alama nzuri zaidi shuleni. Walioushikilia kupita wote walipata alama za chini sawa na walioujali kidogo, au chini zaidi. Hata hivyo, Eva Telzer na Fuligni walionyesha mwaka 2009 kwamba kusaidia nyumbani kuliwapa vijana furaha, kwa vile walijiona wanatimiza nafasi yao katika familia. Msaada wenyewe hauna sumu. Hatari huja pale kijana anapokuwa mshauri wa ndoa ya wazazi wake, mlezi mkuu wa wadogo zake na mwenye siri za madeni ya nyumba, naye hana mtu wa kumuuliza amelalaje.

"Samaki mkunje angali mbichi, wangu ana miaka 16, nimechelewa"

Methali ni ya kweli kwa sehemu yake, lakini mtoto wa miaka 16 bado anajifunza wewe ni mzazi wa namna gani. Tafiti nyingi nilizozitaja zinaonyesha mambo yanayokwenda pamoja, bila kuthibitisha lipi limesababisha lipi, na tangu Richard Bell aandike mwaka 1968 inafahamika kwamba mtoto naye humbadilisha mzazi. Kijana mkaidi huvuta ukali, ukali huongeza ukaidi. Mzunguko huo unaweza kuvunjwa kutoka upande wowote, na mwenye nafasi kubwa ya kuanza ni mtu mzima.

Anza na jambo dogo. Kama ulimtukana, mwombe radhi ukilitaja tusi lenyewe, bila kuongeza "lakini na wewe". Kisha mpe kazi moja yenye mtu ndani yake: kumsindikiza babu kliniki, kumsaidia mdogo wake hesabu jioni mbili kwa wiki. Mweleze kwa nini umemchagua yeye, mwachie namna ya kuifanya, na akikosea mrekebishe kwa habari ya yule aliyemtegemea. Baada ya mwezi kaeni chini umuulize kama mzigo umemzidi. Akisema umemzidi, upunguze.