Mawese Kwenye Cheni, Majivu Kwenye Mchicha: Dhana na Ukweli

Cheni ya baiskeli ikianza kulia katika barabara ya Mwandiga, ushauri wa kwanza atakaopewa mwenye nayo ni kuidondoshea mawese, kwa hoja kwamba mafuta ni mafuta, na Kigoma ni nadra kukuta nyumba isiyo na chupa ya mawese. Hoja hiyo ni kweli nusu. Mawese hulainisha, na kelele hukoma papo hapo. Lakini mafuta ya kula, yakikaa wazi hewani, huchukua oksijeni na kugeuka polepole kuwa ulimbo unaonata, na vumbi jekundu la kiangazi likishanaswa humo, cheni hubeba kitu mfano wa msasa ambacho husaga meno ya gia kila pedali inapozungushwa. Mafuta ya alizeti hunata upesi kuliko mawese, hilo tulikiri kwa haki ya mkoa wetu, ila mawese nayo huganda asubuhi ya baridi, jambo ambalo mpishi yeyote hahitaji kuelezwa. Aliyekwama njiani na ayatumie afike nyumbani, kisha aisafishe cheni kwa mafuta ya taa, aikaushe kwa kitambaa na kuitia mafuta ya cherehani.

Mahali ambapo mawese yanafaa hasa gereji ni mikononi mwa fundi. Wengi huamini kwamba grisi haitoki ila kwa petroli. Petroli huondoa pia mafuta ya asili ya ngozi na kuiacha ikipasuka, ina benzini, ambayo ni kemikali inayosababisha saratani, na mvuke wake huhitaji cheche moja tu ili uwake. Grisi huyeyuka hata katika mafuta ya kula: kijiko cha mawese kikisuguliwa mikononi pamoja na sukari kidogo, kikafutwa kwa kitambaa, kisha mikono ikaoshwa kwa sabuni ya kipande, weusi hutoka. Kucha zitabaki na umanjano kwa muda, na hiyo si hasara kubwa.

Betri ya gari nayo ina dhana zake. Ule ungaunga mweupe au wa kijani unaoota kwenye vichwa vya betri watu huumwagia soda ya kola, na kweli hutoka, kwa kuwa kola ina asidi ya fosfori; lakini huko ni kuongeza asidi juu ya asidi na kuacha sukari inayonata. Magadi yale yale ya kulainishia maharage, kijiko kimoja katika kikombe cha maji ya moto, huituliza asidi iliyovuja, na povu linalofuka ni dalili kwamba kazi inaendelea, mradi waya wa hasi uwe umefunguliwa kwanza na vifuniko vya betri viwe vimekazwa, maana magadi yakiingia ndani yatadhoofisha asidi ambayo betri inaihitaji. Dhana kubwa zaidi ni kwamba maji ya ziwa, kwa vile yanaonekana maangavu kama kioo, yanafaa kuongezea betri. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH (kipimo cha uchachu) ya kati ya 8.6 na 9.2 hivi, yaani yameelemea upande wa magadi kuliko wa asidi, na yamebeba madini mengi, magnesiamu ikiwamo. Betri inapochaji maji hupungua, lakini madini hubaki ndani na kuharibu bamba zake. Kinachotakiwa ni maji yaliyoondolewa madini. Asidi pia isiongezwe, kwani kilichopungua ni maji, asidi yenyewe ingali humo.

Madini hayo hayo humfuata mkulima hadi kwenye bustani za bonde la mto Luiche, vidukari wanapovamia chainizi na yeye akachukua sabuni. Watu hudhani kwamba sabuni yoyote huua wadudu, na kwamba kadiri povu linavyokuwa jingi ndivyo dawa inavyokuwa kali. Sabuni huua kwa kugusa: huharibu utando laini wa mwili wa mdudu, naye akakauka. Tone likishakauka juu ya jani halina nguvu tena, kwa hiyo atakayenyunyiza juu ya majani tu, na kuacha upande wa chini ambako vidukari hukaa, amepoteza sabuni yake. Sabuni ya unga ya kufulia ina viungo vingine vinavyounguza majani. Inayofaa ni sabuni ya kipande, gramu 10 hivi zilizokwanguliwa katika lita moja ya maji, ijaribiwe kwanza kwenye majani machache na kuachwa siku nzima, kisha inyunyizwe asubuhi mapema au jioni. Sabuni ya mawese inayotengenezwa majumbani hufaa pia, isipokuwa ile inayowasha mikono, kwani hiyo ina kostiki, ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni, iliyozidi. Maji ya mvua ni bora kuliko ya ziwa, kwa sababu magnesiamu na kalisi huigandisha sabuni kabla haijamfikia mdudu.

Majivu husifiwa kuwa mbolea kamili, ilhali naitrojeni, kirutubisho ambacho mchicha hukihitaji kuliko vyote, huondoka na moshi kuni zinapoungua. Kinachobaki ni potasiamu na kalisi, pamoja na uwezo wa kupunguza uchachu wa udongo. Majivu yakichanganywa na yurea au samadi mbichi, naitrojeni iliyomo hugeuka amonia na kupotea hewani. Harufu ile kali inayochoma pua ndiyo pesa ya mkulima inayopaa.

Kutoka upande wa Tabora huja imani kwamba maji ya tumbaku ya kunyunyizia wadudu, kwa kuwa yametokana na mmea, hayana madhara. Nikotini ni sumu inayopenya ngozi, na wavunaji wa majani mabichi yenye umande huugua kichefuchefu na kizunguzungu kwa sababu hiyo hiyo. Zaidi ya hayo, tumbaku inaweza kubeba virusi vya ugonjwa wa batobato ambavyo hushambulia pia nyanya na pilipili. Chumvi juu ya magugu haina haja ya maneno mengi: huyaua, na kuuharibu udongo kwa ajili ya mazao.

Iko pia safari ya kinyume, ya vitu vya gereji kwenda bustanini. Oili chafu humwagwa kwenye mashina ya miembe michanga ili kufukuza mchwa, kwa kudhani kwamba ardhi itainywa ikaisha. Oili iliyotumika ina mabaki ya metali na kemikali zinazodumu udongoni, huzuia hewa kufika mizizini, na mvua za masika huisomba hadi Luiche, na Luiche humwaga ziwani.